Muulize Mtu wa Hadubini: Tezi za mate za panya dume na jike mbona hazifanani?

Toleo lililopita nilieleza mate ya binadamu yanavyotengenezwa, na kule mwishoni nikagusia kwa sentensi moja tu kwamba panya ana sehemu kwenye tezi yake ya mate ambayo sisi watu hatuna. Aisee, hiyo sentensi moja imeleta meseji kuliko ukurasa wote uliobaki. Wanafunzi, mafundi wa maabara, wafugaji, mpaka mtoto wa darasa la nne. Zote haziwezi kukaa hapa, kwa hiyo nimechukua sita, na hii ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa makusudi kwa sababu aliyeandika ana shida ya kweli na muda wake unayoyoma.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, projekti yangu ni tezi za mate za panya wadogo weupe wa maabara, wale tunaowaita mausi. Nimekata tezi ya chini ya taya kwa panya sita, madume watatu na majike watatu, wote wamekomaa, na slaidi zote, yaani vile vioo vyenye kipande chembamba cha tezi, nimezipaka rangi siku moja kwa chupa zilezile. Sasa slaidi za madume zimejaa mirija minene yenye chembechembe nyekundu nyingi mno, za majike mirija hiyo ni myembamba na chembechembe ni za kutafuta. Msimamizi wangu akatazama akasema haiwezekani ni kiungo kimoja, nimechanganya sampo, nirudie kazi yote kuanzia mwanzo. Nimelia sana mwalimu maana nakumbuka kila chupa niliiandika mwenyewe. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hujakosea popote. Slaidi zako ziko sawa, tena ni nzuri, maana ungekuwa umekata vibaya au umepaka rangi hovyo hovyo hiyo tofauti usingeiona kabisa. Ulichokiona kinajulikana tangu mwaka 1940, Mfaransa mmoja anaitwa Antoine Lacassagne alikieleza waziwazi, kwamba kwa mausi tezi ya chini ya taya ya dume na ya jike hazifanani.

Ngoja nielezee taratibu ili na wengine tuwe nao. Fikiria kichala cha zabibu za Dodoma. Zile zabibu ndo vifuko vinavyotengeneza mate, kila kifuko ni seli kadhaa zimekaa duara zikiacha katundu kadogo katikati, na vile vijiti vinavyoshika zabibu ndo mifereji inayopeleka mate mdomoni. Mate yakitoka kwenye kifuko yanaingia kwanza kwenye kamfereji kembamba ka kuunganisha, seli zake fupi fupi hata hazina mambo mengi. Kwa binadamu, kutoka hapo unaingia moja kwa moja kwenye mfereji wenye milia, halafu mfereji mkubwa, halafu mdomo. Lakini kwa panya na mausi, katikati ya kale kembamba na ule wa milia kuna kipande cha ziada kimejipinda pinda kama utumbo, nacho ndo ile mirija ya chembechembe uliyoiona. Sisi hatuna kitu hicho. Kwa hiyo mtu aliyezoea slaidi za binadamu, akiletewa za mausi dume, kushtuka ni kawaida kabisa, na mimi simlaumu msimamizi wako kwa kushtuka, ila kukurudisha mwanzo kabla ya kufungua kitabu cha panya, hapo sikubaliani naye.

Sasa tofauti ya dume na jike inatoka wapi? Inatoka kwenye homoni ya kiume, testosteroni. Panya wachanga, dume na jike, tezi zao karibu zinafanana. Wakianza kubalehe ndo mirija ya dume inaanza kunenepa, seli zinarefuka, chembechembe zinajazana upande wa juu kuelekea kwenye tundu na kiini kinabaki kimebanwa chini karibu na sakafu ya seli. Ukimhasi dume, mirija inasinyaa mpaka inafanana na ya jike. Ukimchoma jike testosteroni, yake inanenepa kama ya dume. Homoni ya thairoidi nayo ina mkono wake hapo, ndo maana mnyama mgonjwa au aliyekondeana usimweke kwenye hesabu. Kwa wale panya wa maabara wa aina kubwa tofauti ya jinsia ipo lakini ni ndogo, inajificha, kwa mausi ndo inapiga kelele. Wewe una mausi, kwa hiyo umeona kile kile kilichotakiwa kuonekana.

Na zile chembechembe nyekundu, naomba uziheshimu, kwa sababu zina historia kubwa. Miaka ya 1950 pale St. Louis, Marekani, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walikuwa wanahangaika na kitu fulani kwenye uvimbe wa panya ambacho kikiwekwa karibu na neva changa za kifaranga zinachipua nyuzi pande zote kama miale. Cohen akatumia sumu ya nyoka, lengo lake lilikuwa kuvunja vinasaba vilivyokuwa ndani ya sampo ili ajue kama hicho kitu ni protini au siyo. Badala ya nguvu kupungua ikapanda sana, kumbe sumu yenyewe imejaa kile kitu wanachokitafuta. Hapo akawaza hivi, tezi ya sumu ya nyoka kwa asili ni ndugu wa tezi ya mate, basi ngoja nijaribu tezi za mate za mamalia. Akachukua za mausi madume, akazikuta zimejaa. Ndo ikapatikana protini inayokuza neva kwa kiasi cha kutosha kuisoma.

Haikuishia hapo. Alipowachoma vichanga vya mausi ule mchuzi wa tezi, aliona wanafumbua macho kama siku ya saba wakati kawaida ni siku ya 12 mpaka 14, na meno yao yanatoka mapema. Mtu mwingine angesema ah hiyo ni sampo chafu, akaitupa. Yeye akaifuatilia, na mwaka 1962 akaitangaza protini ya pili, inayokuza seli za ngozi ya juu na utando wa ndani. Mwaka 1986 wote wawili wakapewa Nobel ya tiba. Vitu hivyo vyote viwili viko ndani ya chembechembe ulizoambiwa ni kosa la kuchanganya chupa.

Tuje kwenye kazi, maana najua unachotaka ni kumaliza chuo. Usirudie kukata. Chukua slaidi hizohizo, mwombe mwenzako azifunike lebo kwa karatasi na azipe namba mpya, wewe usijue ipi ya nani. Kwa kila slaidi chagua sehemu kumi bila kuchagua chagua nzuri, pima upana wa mirija ya chembechembe, na hesabu ni mingapi kwenye kila sehemu. Andika umri na uzito wa kila mnyama. Ukimaliza ndo mfunue lebo. Madume watatu wakikaa upande mmoja na majike upande mwingine, umempelekea msimamizi ushahidi ambao haubishaniwi. Na kwenye hizohizo slaidi mwonyeshe vifuko na mifereji yenye milia, maana hivyo viko kwa dume na kwa jike, hiyo inathibitisha kwamba kiungo ni kilekile. Nenda naye kwa adabu, mwambie "mwalimu nimeona kitu naomba tukitazame pamoja". Na ukifaulu niandikie.

SWALI: Habari za kazi. Mimi fundi wa maabara huku Mwanza, tunatengeneza slaidi za kufundishia. Tezi ya mate ya karibu na sikio ya panya inanisumbua mno. Mara slaidi inatoka mafuta matupu, mara seli zimevurugika kama uji, na mara mbili mwalimu amerudisha anasema hii siyo tezi ya mate kabisa ni tezi ya machozi. Nafanyaje?

JIBU: Nzuri kaka, na hongera kwa kuuliza maana hili linawapata wengi na wanakaa kimya.

Uji kwanza. Tezi ya mate imejaa vimeng'enya, mnyama akishakufa tezi inaanza kujila yenyewe haraka sana, haikusubiri umalize chai. Kwa hiyo ikiwezekana tezi ndo iwe ya kwanza kutoka, kabla ya ini, kabla ya figo. Usiitupe nzima kwenye fomalini, ikate vipande vya unene wa milimita tatu au nne, fomalini ya asilimia 10 iliyorekebishwa asidi yake, na iwe nyingi, angalau mara kumi ya kile kipande, siyo unabananisha viungo vitano kwenye kichupa kimoja cha dawa ya kikohozi. Saa 24 zinatosha. Usiifinye na koleo katikati, shika pembeni kwenye mafuta, kwa sababu hii tezi ni laini na alama ya koleo utaikuta kwenye slaidi, seli zimelala kama nyasi zilizokanyagwa.

Sasa mafuta na machozi. Tezi ya karibu na sikio kwa panya haijakaa kama ya binadamu, haijajikusanya shavuni. Imetandazwa, inaanzia chini ya sikio inashuka na shingo mpaka karibu na mtulinga, vipande vipande, na imechanganyikana na mafuta, ndo maana ukikata kwa kubahatisha unaondoka na mafuta. Na pale mbele chini ya sikio kuna kitu kimoja kizuri, bapa, mviringo, kimejifunga kwenye gamba lake, kinavutia macho kuliko hiyo tezi yenyewe. Kila mtu anakikamata kile. Ile ndo tezi ya machozi ya nje ya tundu la jicho, mfereji wake unaenda kwenye jicho siyo mdomoni. Mwalimu wako alikuwa sahihi.

Namna ya kuzitenganisha kwenye hadubini ukishakosea, hii naomba uikate uibandike ukutani. Tafuta mfereji wenye milia. Tezi ya mate inao, tezi ya machozi haina. Mfereji wenye milia unauona hata kwa lenzi ndogo, duara la waridi kali kati ya vifuko vya zambarau, na ukisogeza lenzi ya 40 utaona upande wa chini wa seli una mistari ya wima kama kitambaa cha kanzu iliyopigwa pasi kwa mikunjo. Ile mistari ni utando wa seli umejikunja ndani mara nyingi na katikati ya mikunjo zimepangwa mitokondria, mashine zinazotoa nguvu ya kuvuta chumvi kutoka kwenye mate na kuirudisha mwilini, na maji hayaifuati, ndo maana mate yanafika mdomoni yakiwa na chumvi kidogo kuliko damu. Dalili nyingine, kwenye tezi ya machozi ya panya dume viini vya seli havilingani, vingine vikubwa ajabu, ukiviona hivyo simama, rudi ukakate tena.

Na ile ya karibu na sikio ukiipata utaijua bila shaka, yote ni seli za mate mepesi, hakuna hata moja ya ute, yaani mate mazito yanayoteleza. Seli kama piramidi, kiini cha duara kimekaa chini, chini zambarau kwa sababu ya mashine za kutengeneza protini, juu chembe za vimeng'enya. Safi, inafanana pande zote. Mi naipenda kuliko zote kwa kumfundishia mtu anayeanza.

Moja la kuongezea kwa sababu najua litakuja. Tezi ya chini ya taya na ya chini ya ulimi kwa panya zimevaa koti moja. Ile ya ulimi ni kidonge kidogo kimegandamana na kubwa upande wa mbele kwa nje, usipoangalia unakata mbili unaandika jina moja. Na mbele yake kuna matezi ya limfu, magumu, kama punje ya choroko, usiyachukue. Ukiyachukua kwa bahati mbaya utaona vijidoti vyeusi vimejaa kama mchanga, hakuna mfereji wowote.

SWALI: Asalaam aleikum. Nasomesha baiolojia Tanga. Vitabu vyetu vinaonyesha tezi ya chini ya ulimi, seli za ute zimekaa katikati na seli za mate mepesi zimekaa nje kama hilali inayokumbatia. Nimesikia kwa mwenzangu kwamba hiyo hilali siyo kweli. Niwafundishe nini watoto?

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu. Swali hili limenifurahisha kupita kiasi, na umelipa jina zuri, hilali, kuliko majina yote ya vitabuni.

Hizo hilali alizieleza Mtaliano Giuseppe Giannuzzi mwaka 1865 na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Zaidi ya miaka 130 kila mtu aliyekata tezi yenye ute aliziona, mimi nimeziona mara nyingi, zipo, kwenye slaidi zipo. Ila mwaka 1999 watafiti wa Japani walifanya jambo jingine. Badala ya kuitia tezi ya panya kwenye dawa ya kuhifadhia, wakaigandisha ghafla, halafu wakatoa barafu yake pole pole kwa kemikali kwenye baridi kali. Wakaitazama kwa hadubini ya elektroni. Hilali hazikuwepo. Seli za mate mepesi na za ute zilikuwa zimepangana bega kwa bega, zote zinafika kwenye tundu la katikati.

Imekuwaje? Ute unapenda maji. Fomalini ikiingia pole pole kwenye tezi, seli za ute zinavimba, zinapanuka kama unga wa ugali ukikutana na maji, na zikivimba zinawasukuma majirani zao. Seli za mate mepesi hazivimbi, zinabanwa, zinatupwa nje ya duara zinabaki zimejikunja pale nje kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo hilali inazaliwa ndani ya chupa yetu.

Watoto wafundishe yote mawili, tafadhali usiifute hilali kwa sababu mtihani bado unaiuliza na slaidi zao bado zitaionyesha. Ila waambie kwamba mnyama akiwa hai seli zimepangana hivi, na zikipita kwenye fomalini zinakuwa hivi. Chora mbili ubaoni, kushoto na kulia. Wape na unga na maji kama unataka, mwanafunzi akiona donge linavimba na punje ya mchele iliyokuwa pembeni inasukumwa hatasahau mpaka anazeeka.

SWALI: Dokta mambo vipi, nafuga panya weupe wakubwa hapa Dar, nauzia maabara. Kipindi cha joto nakuta wamejilamba tumbo mpaka wamelowa kabisa, wengine nahisi wanaumwa, nikaanza kuwapa antibayotiki. Sasa wiki hii watatu shingo zimevimba na wanatoa kama damu machoni. Nisaidie.

JIBU: Poa kaka. Haya ni mambo mawili tofauti na umeyaunganisha, tuyatenganishe.

Kujilowesha siyo ugonjwa. Panya hana jasho la maana, tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo tu, kwa hiyo joto likizidi anajipaka mate mwilini, tumbo, mapumbu, mkia, mate yakikauka yanaondoka na joto. Miaka ya 1960 ilionyeshwa kwamba panya aliyetolewa tezi za mate anashindwa kustahimili joto ambalo mwenzake mwenye tezi anakaa nalo. Yale mate mengi yanatoka zaidi kwenye ile ya chini ya taya. Na kila kifuko pale kimekumbatiwa na seli zenye mikono kama pweza, zina nyuzi za kujikaza kama misuli, zikikaza zinakamua kifuko. Kwa hiyo panya wako akilowa ujue yuko kazini kujiokoa na anapoteza maji mwilini. Antibayotiki acha leo. Punguza msongamano, viondoe vizimba kwenye jua na chini ya bati, feni isiwapige moja kwa moja ila hewa ipite, na chupa za maji zikaguliwe asubuhi na mchana, maana chupa ikiziba siku ya joto unapoteza kizimba kizima kwa masaa.

Hao watatu wa shingo ndo wananitia wasiwasi. Ile nyekundu machoni kwa kawaida siyo damu, ni rangi inayotoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, panya akipata shida yoyote inamwagika. Lakini ikiwa pamoja na shingo iliyovimba, kitu cha kwanza cha kufikiria ni virusi vya korona vya panya vinavyoshambulia tezi za mate na za machozi. Siyo ile korona ya watu, wewe havikupati. Kwenye slaidi ya tezi iliyoshambuliwa unaona seli za mifereji zimekufa zimedondoka ndani ya tundu, chembe nyeupe za damu zimejaa pembeni, na maji yamejaa kati ya vifuko, ndo huo uvimbe unaoushika kwa mkono. Baada ya siku kadhaa mifereji inajiziba viraka kwa seli bapa za muda, halafu tezi inajijenga upya. Wengi wanapona wenyewe ndani ya wiki moja au mbili, ila inaambukiza kupita maelezo. Simamisha kuuza, usiingize panya mpya, usizalishe kwa sasa, nguo na ndoo za chumba hicho zisitoke, na mwite daktari wa mifugo achukue sampo. Na wateja wako wa maabara waambie ukweli, maana tezi iliyowahi kuugua inaharibu utafiti wa mtu kama yule mdogo wetu wa hapo juu.

SWALI: Mimi naishi Kilifi. Paka wangu anaua kirukanjia lakini hamli, anamwacha mlangoni. Bibi anasema ana sumu mdomoni, tusimshike. Kweli?

JIBU: Bibi yako yuko karibu na ukweli kuliko unavyodhani, mpe salamu zangu na shikamoo.

Kuna kirukanjia wenye sumu ya mate kweli. Aliyesomwa zaidi ni wa Amerika Kaskazini mwenye mkia mfupi, Blarina, sumu inatengenezwa kwenye tezi ya chini ya taya, na mwaka 2004 watafiti walifanikiwa kuitenga ile protini, kumbe ni ndugu wa vimeng'enya ambavyo tezi za mate za mamalia wengi wanavyo kwa kazi za kawaida, umbo limebadilika kidogo tu likawa silaha. Wa Ulaya anayewinda majini naye anayo. Na kule Cuba na kisiwa cha Hispaniola kuna solenodoni, mkubwa kuliko kirukanjia, sumu yake inapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye jino la chini, kama nyoka vile. Hawa wa Kilifi ni jamii nyingine, Crocidura, hawamo kwenye orodha hiyo.

Paka anawaacha kwa sababu ya harufu, kirukanjia wana tezi za harufu kali ubavuni, na hizo ni tezi za ngozi hazihusiani na mate. Ila ushauri wa kutomshika kwa mkono mtupu ubaki palepale. Meno yake ni kama sindano.

SWALI: Naitwa mwanafunzi wa darasa la nne Morogoro. Panya buku akijaza mashavu ni mate?

JIBU: Hapana mwanangu, ni chakula! Mashavu yake yana mfuko ndani, ni ngozi ya shavu imetanuka, anabebea karanga na mahindi kupeleka shimoni. Tezi za mate ziko kando, shingoni na chini ya taya, ndogo tu. Hapo kwenu Morogoro kuna panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu, akifanya vizuri anapewa zawadi ya chakula. Siku shule ikipanga ziara muombe mwalimu mwende, utawaona wakifanya kazi. Ila wa porini usimkamate. Akikung'ata yeye au panya yeyote, osha hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu mwambie mama mwende hospitali siku hiyohiyo.